Mungu Hakuwasahau Wanyama wa Baridi

Somo la kusoma nyumbani pamoja na watoto
Masomo ya Biblia: Ayubu 38:22-30, Mathayo 10:29-31, Mhubiri 4:9-12

Karatasi ya juma hili ni ya watoto. Lakini wazazi na waalimu wa ekodim ndio watakaoisoma kwa sauti, kwa hiyo tunawaomba wasiharakishe. Mtoto akiuliza swali, simameni, mumjibu, kisha muendelee.

Katika Ayubu sura ya 38, Mungu anamwuliza Ayubu maswali mengi. Moja ni hili: je, unajua theluji imewekwa wapi, na barafu ilitoka tumboni mwa nani? Ayubu hakuwa na jibu. Sisi wa Kongo pia theluji hatuioni kila siku, ila wale wanaokaa upande wa Beni na Mutwanga, ambao siku mawingu yakiondoka huona weupe juu ya mlima Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, kina metro 5.109, na barafu iko kule juu ingawa tuko karibu kabisa na ikweta.

Sasa, watoto, kuna nchi ambazo ziko hivyo mwaka mzima, tangu pwani hadi milimani, na ndani yake kuna ndege, samaki na wanyama wenye damu ya moto kama sisi. Mtoto mwenye akili atauliza: kama Mungu ni mwema, kwa nini aliwaweka mahali pa namna hiyo? Je, aliwasahau? Swali hilo ni zuri, na si la watoto peke yao. Watu wazima wengi huliuliza usiku, juu ya maisha yao wenyewe. Tulijibu polepole.

BARIDI NI NINI?

Kongelateri, yaani ile sehemu ya frigo inayogandisha nyama, mara nyingi huwa na degre 18 chini ya sifuri. Sasa sikilizeni: tarehe 21 Julai 1983, kwenye kituo cha Warusi kinachoitwa Vostok, katika bara la Antaktika kule kusini kabisa mwa dunia, vipimo vilionyesha degre 89,2 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa hewani juu ya ardhi.

Wengi wetu tunafikiri baridi ni kitu kinachoingia mwilini. Sivyo. Ni joto linalotoka. Mwili wako una degre 37, na joto hilo linatoka kwenye chakula, kama moto wa mbabula unavyotoka kwenye makala. Hewa ya nje ikiwa baridi, joto lako linakimbia kwenda nje. Blanketi halina moto wowote ndani yake. Linazuia tu joto lako lisikimbie, kama vile termosi isivyochemsha chai, bali inaitunza.

Kwa hiyo mnyama wa nchi za baridi ana mahitaji mawili: makala ya kutosha ndani, na kifuniko kizuri nje. Mambo yote tutakayoona leo yanatoka hapo.

WENGINE HUKIMBIA, WENGINE HULALA

Wako wanyama ambao baridi ikikaribia, huondoka. Mmoja wao mnamfahamu: mbayuwayu. Huyu ndege mdogo ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini wakati wa baridi ya Ulaya huvuka bahari na jangwa la Sahara, na wengi wao huja kwetu Afrika, hata hapa Kongo. Nabii Yeremia, sura ya 8 mstari wa 7, alisema kwamba ndege hujua majira yao ya kwenda na kurudi, kumbe watu wa Mungu hawajui yao. Kukimbia hatari si aibu. Yosefu na Maria walikimbia pia na mtoto.

Wengine hawaondoki, hulala. Huko Kanada na Alaska kuna chura mdogo wa msituni ambaye majira ya baridi hujificha chini ya majani makavu, kisha anaganda. Sehemu kubwa ya maji ya mwili wake, karibu theluthi mbili, hugeuka barafu. Moyo wake unasimama. Hapumui. Ukimshika ni mgumu kama jiwe. Lakini kabla hajaganda, ini lake limejaza mwili sukari, na sukari hiyo inalinda kila chembe ya mwili isipasuke. Joto likirudi, barafu inayeyuka, moyo unaanza kupiga, na chura anaruka zake.

Wahubiri wenzangu, tusiseme kwamba chura huyo amefufuka. Hakuwa amekufa. Ufufuo wa Bwana wetu ni jambo lingine, na hauhitaji kusaidiwa na chura. Lakini mtoto akiona kwamba kitu kilichoganda kama jiwe kinaweza kuruka tena, na amsifu Aliyekifanya.

NGUO, MAFUTA NA DAMU

Sasa tuje kwa wale wanaobaki na kusimama.

Dubu mweupe anaishi kaskazini mwa dunia. Manyoya yake yana matabaka mawili, na katikati ya nywele hewa inakwama, nayo hewa iliyokwama ni kifuniko kizuri sana. Mnamwona mweupe, lakini ngozi yake chini ya manyoya ni nyeusi. Chini ya ngozi kuna mafuta, ambayo yanaweza kufika unene wa sentimetro 10. Mafuta hayo yanafanya kazi mbili: ni blanketi, na pia ni gunia la makala. Dubu jike akitaka kuzaa huchimba shimo ndani ya theluji na kukaa humo kwa miezi bila kula, akinyonyesha watoto ambao wanapozaliwa hawafiki hata kilo moja. Mle ndani ya theluji kuna joto kuliko nje. Ndiyo maana Zaburi ya 147 mstari wa 16 inastahili kusomwa tena: mtunga zaburi anafananisha theluji na sufu. Theluji laini imejaa hewa, nayo kweli hufunika kama sufu.

Samaki je? Maji ya mito yetu yangeganda kwenye sifuri. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, huganda karibu na degre 2 chini ya sifuri. Katika bahari ya Antaktika kuna samaki wanaoogelea katika maji ya baridi kiasi hicho, ambamo damu ya samaki wa kawaida ingeganda. Hao wana kitu katika damu, namna ya protini, ambacho kipande kidogo cha barafu kikianza kuota ndani ya mwili, kinakishika pande zote na kukizuia kisikue. Adui ameingia, lakini hapewi nafasi ya kukua. Mzazi, hapo unaweza kusimama kidogo na kumweleza mtoto habari ya dhambi ndogo.

PENGWINI MKUBWA NA BARIDI YA KUSINI

Mnyama wa mwisho ndiye tunayetaka mumkumbuke. Ni pengwini mkubwa wa Antaktika, yule ambaye Waingereza na Wafaransa wamempa jina la mfalme wa wafalme. Yeye ni ndege, lakini haruki. Urefu wake ni zaidi ya metro moja, kama mtoto wa miaka mitano, na uzito wake unaweza kufika kilo 40. (Watoto, msichore pengwini na dubu mweupe pamoja. Mmoja yuko kusini mwa dunia, mwingine kaskazini. Hawajaonana kamwe.)

Pengwini huyu ana vitu vyote tulivyotaja. Manyoya yake yamelaliana kama vigae vya nyumba, na chini kuna manyoya laini yanayoshika hewa. Ana mafuta chini ya ngozi. Hata miguu yake ina ujuzi: mshipa unaoshusha damu ya moto unapita ubavuni mwa mshipa unaopandisha damu ya baridi. Damu ya moto inaigawia ile ya baridi joto lake kabla haijafika chini, basi joto halipotei kwenye barafu, na miguu haigandi.

Lakini kazi yake ndiyo ya ajabu. Wanyama wengi huzaa wakati kuna joto. Huyu huzaa majira ya baridi, wakati jua karibu halionekani. Mwezi wa 5 au wa 6 mama anataga yai moja tu. Anampa baba, kisha anarudi baharini kutafuta chakula, mwendo ambao mara nyingine ni makumi ya kilometro juu ya barafu. Baba analiweka yai juu ya miguu yake na kulifunika na mkunjo wa ngozi ya tumbo. Likianguka na kukaa kwenye barafu, mtoto aliye ndani atakufa baada ya muda mfupi. Baba anasimama hivyo siku 65 hivi. Ukihesabu tangu alipoacha bahari, anakaa karibu miezi minne bila chakula chochote, na anapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Nje ni degre 40 chini ya sifuri, hata zaidi, na upepo unavuma kwa nguvu.

Je, mafuta yanatosha? Manyoya yanatosha? Hapana. Pengwini mmoja akisimama peke yake, makala yake ya ndani yangekwisha kabla yai halijaanguliwa. Amepewa nguo nzuri, lakini nguo peke yake haitoshi.

Kinachomwokoa ni wenzake. Madume hukaribiana, mamia kwa maelfu, kifua kwa mgongo, hadi hakuna nafasi kati yao. Mahali pa metro moja ya mraba wanaweza kusimama hata 10. Na hapo katikati ya kundi, ambapo nje ni barafu tupu, joto linapanda hadi kupita degre 20 juu ya sifuri. Mara nyingine linafika 37, sawa na mwili wa mtu!

Basi mtoto atauliza: na wale walio pembeni, wanaopigwa na upepo? Swali zuri. Watu wa sayansi waliwapiga picha kwa muda mrefu, wakaona kwamba kundi halitulii. Kila baada ya nusu dakika au dakika moja, pengwini mmoja anapiga hatua ndogo ya sentimetro chache, na jirani yake anapiga hatua, na jirani wa jirani, hadi kundi lote limesogea kama wimbi. Polepole waliokuwa pembeni wanaingia ndani, na waliokuwa ndani wanajikuta pembeni. Hakuna mkubwa anayetoa amri. Hakuna anayemiliki nafasi ya katikati. Nao wote wanabeba mayai yao miguuni wakati wanasogea.

Yai likianguliwa kabla mama hajarudi, baba ambaye hajala miezi mingi bado ana kitu cha kumpa mtoto: maji mazito meupe yanayotoka kooni mwake. Kisha mama anarudi, na katikati ya maelfu ya ndege wanaofanana anamtafuta mume wake kwa sauti. Wanafahamiana kwa sauti.

WATU WATATU WALIOJARIBU BARIDI ILE

Mwaka 1911 Waingereza watatu, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walikwenda kutafuta mayai ya pengwini hao katikati ya majira ya baridi. Walitembea karibu kilometro 100 gizani, wakivuta mizigo yao wenyewe, mpaka mahali panapoitwa Cape Crozier. Baridi ilifika degre 60 chini ya sifuri. Walilala ndani ya mifuko ya ngozi ya wanyama wa kaskazini, maana mwanadamu hana manyoya yake, inabidi aazime. Tufani ikapeperusha hema yao na paa la kibanda chao, wakabaki wamelala chini ya theluji. Hapo waliimba nyimbo za kumsifu Mungu. Upepo ulipotulia waliitafuta hema, wakaiona, wakarudi wakiwa hai na mayai matatu. Safari ilichukua majuma matano.

Watu wenye akili, nguo na vyakula walikaribia kufa kwa majuma matano. Pengwini alikuwa amesimama palepale, na yai miguuni.

JE, WOTE HUPONA?

Hapa tusiwadanganye watoto. Si wote hupona. Mayai mengine huanguka. Mama wengine hawarudi kutoka baharini. Mwaka 2022, sehemu moja ya Antaktika, barafu ya bahari ilivunjika mapema kabla watoto wa pengwini hawajapata manyoya ya kuwawezesha kuogelea, na makundi karibu yote ya sehemu ile yalipoteza watoto wao. Dunia inazidi kupata joto, na barafu inapungua. Hata barafu ya Ruwenzori wetu imepungua sana tangu wakati wa babu zetu.

Basi Mungu yuko wapi? Someni vizuri Mathayo 10:29. Bwana Yesu hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema kwamba haanguki hata mmoja bila Baba kujua. Katika nyumba zetu kuna watoto waliozikwa, kuna baba waliotoka asubuhi hawakurudi. Mtu akikuambia kwamba hayo yametokea kwa sababu Mungu alikusahau, au kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo, mwonyeshe mstari huo. Shomoro aliyeanguka hakuwa amesahauliwa.

SOMO KWETU

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la kwanza. Mungu hakuiondoa baridi ya Antaktika. Aliwapa viumbe wake vitu vya kukaa nao ndani ya baridi: mafuta, manyoya, damu yenye ujuzi. Na juu ya hayo yote aliwapa wenzao.

Sisi Wapentekoste tunaomba Mungu aondoe baridi, na tunafanya vizuri. Tuombe tena, tufunge, tukeshe. Tumeona wagonjwa wakipona na milango ikifunguka. Lakini mara nyingi, wakati baridi haijaondoka, jibu la kwanza la Mungu ni mtu aliyesimama karibu nawe. Mhubiri 4:11 inauliza neno hilohilo: wawili wakilala pamoja wanapata joto, lakini mmoja atapataje joto peke yake?

Kwa hiyo tuangalie kundi letu. Siku ya ibada nani anakaa katikati penye joto, na nani yuko pembeni? Kuna mjane ambaye tangu mazishi yalipokwisha hakuna anayebisha mlango wake. Kuna familia iliyokimbia vita, inakuja kanisani mwezi wa tatu sasa na hatujui majina ya watoto wao. Kuna kijana aliyeacha kuja kwa sababu hana viatu. Hao wanapigwa na upepo kwa ajili yetu sisi tulio ndani. Kundi la pengwini ambalo walio katikati wanakataa kusogea, walio pembeni watakufa kwanza. Kisha nani atakuwa pembeni? Wale waliofuata. Mwisho baridi itafika katikati.

Pengwini hafanyi hivyo kwa upendo kama tunavyoujua sisi. Anafuata namna alivyoumbwa. Sisi tumepewa amri na Roho Mtakatifu, na tunaweza kuchagua. Kumbukeni pia kwamba hatua yake ni ya sentimetro chache tu. Haombwi kuokoa kundi zima. Anaombwa asogee. Sahani moja ya bugali na sombe, saa moja ya kukaa na mtu, jina la mtoto ulilolikumbuka: hizo ni hatua.

JARIBIO LA KUFANYA NA WATOTO

Chukueni chupa tano zilizo sawa na kuzijaza maji ya moto kiasi, yasiyounguza. Chupa moja iwekeni peke yake dirishani. Nne nyingine zisimamisheni zikiwa zimegusana, na kuzizungushia kitenge kimoja. Baada ya saa moja mtoto aguse zote. Ipi imepoa zaidi? Mwacheni aeleze mwenyewe kwa nini.

MASWALI

1. Blanketi linatengeneza joto au linatunza joto?
2. Mafuta ya dubu mweupe yanafanya kazi gani mbili?
3. Kwa nini pengwini aliye katikati ya kundi hakai hapo siku zote?
4. Nani katika ekodim yetu anasimama pembeni? Juma hili tutamfanyia nini?

TUOMBE

Baba, wewe unayejua idadi ya shomoro na kuwaona pengwini katika giza la kusini, asante kwa chakula na kwa nguo. Asante zaidi kwa wenzetu. Wakumbuke wote wanaolala kwenye baridi usiku huu. Tufundishe kusogea. Katika jina la Yesu. Amina.